Mkwe Aliyenyoshea Maboga Kidole

Kisa hiki nimekipata kwa mtu, naye alikipata kwa mtu. Kisome mpaka chini kabisa kabla hujampelekea mwingine. Wengi wetu tuna ugonjwa wa kusoma nusu na kutoa hukumu nzima, na mzee wa kisa hiki aliugua ugonjwa huo huo.

Katika kijiji kimoja cha milimani, kule ambako wakati wa baridi ukungu huingia hadi jikoni bila kupiga hodi, aliishi mzee aitwaye Mrindoko. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Mwanawe wa pekee, Mbonea, naye aliugua homa akafariki, akamwacha mkewe Nakijwa angali kijana, nao walikuwa hawajajaliwa mtoto.

Matanga yalipokwisha, ndugu za Nakijwa walikuja kumchukua dada yao. Hawakuja kwa ubaya. Walimwambia kwamba pale hakuna tena kinachomshika, arudi nyumbani aanze maisha mapya.

Nakijwa akawajibu, "Nikiondoka, baba atapikiwa na nani? Tangulieni tu. Mimi nipo nipo kwanza."

Mrindoko alikuwa nyuma ya mlango, akasikia yote. Akavua kofia akafutia machozi. Tangu siku hiyo hakumwita tena mkwe. Alimwita mwanangu, na kila aliyefika pale alijua kwamba mzee yule amebakiwa na mtu mmoja tu duniani.

Basi, nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya maboga. Yalikuwa maboga ya ganda la kijivu, magumu hata panga lilipata taabu kuyaingia, na ndani yake nyama ya rangi ya kiini cha yai. Mrindoko aliyavuna pamoja na vikonyo vyake ili yasioze, akayalaza darini juu ya jiko, moshi ukayakausha taratibu. Baridi ilipokaza na mboga nyingine kuadimika, maboga yale ndiyo yaliyowalisha.

Na Nakijwa alijua kuyapika, jamani. Aliyakata vipande vikubwa bila kuyamenya, akavipanga sufuriani ganda likiwa chini, akatia chumvi na maji kidogo sana, akafunika kwa majani ya mgomba na kuacha moto mdogo ufanye kazi yake. Boga liliiva kwa mvuke wake lenyewe, kavu na tamu. Siku nyingine aliliponda na maharage. Mbegu alizikaanga, akazitwanga, akaziungia mchicha. Mzee alikula mpaka akafungua kifungo cha shati, kisha akauliza kama kuna ukoko.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika.

Pembeni mwa bustani palikuwa na mparachichi mzee wenye tundu kubwa, na ndani ya tundu hilo waliishi nyuki. Siku moja beberu wa Mrindoko alikata kamba, akaenda kujikuna kwenye ule mti. Nyuki wakamtokea. Walimuuma mpaka akafa.

Mzee alimpenda sana beberu yule. Jioni ile ile alikusanya majani makavu na mafuta ya taa, akauchoma mti pamoja na nyuki wote. Majirani wakampongeza, hasa Bi Naetwe wa nyumba ya pili, mama ambaye hakuna moto uliowashwa kijijini asifike kuuota. Nakijwa alisimama mlangoni akitazama moshi. Alitaka kusema neno, lakini alimwona mzee ana hasira na uchungu wa mnyama wake, akarudi jikoni.

Msimu uliofuata maboga yalitambaa vizuri, majani mapana, maua ya njano kila mahali. Vikatokea viboga vidogo. Mrindoko akafurahi. Lakini baada ya siku chache kila kiboga kiligeuka rangi, kikalegea, kikaanguka. Kikitoka kingine, nacho kikawa hivyo hivyo.

Hapa inabidi nikueleze jambo. Katika kijiji kile ilikuwa mwiko kulinyoshea kidole boga changa. Waliamini kwamba boga likinyoshewa kidole huona haya, likaoza. Ukitaka kumwonyesha mwenzio boga, ulikunja ngumi ukaelekeza kwa ngumi. Mtoto aliyesahau alichapwa kofi la mkono, na mgeni aliyesahau alitazamwa kwa jicho baya mpaka akaaga.

Kwa hiyo viboga vilipoanza kuanguka, Mrindoko hakujiuliza ni nini kinachofanyika. Alijiuliza ni nani anayefanya. Wewe nawe ungekuwa pale, usiniambie ungefanya tofauti.

Akaanza kuvizia. Akawashuku wapita njia, akawashuku watoto wa shule, akamshuku hata Bi Naetwe, ingawa huyo alikuwa wa kwanza kumtia maneno.

"Mzee mwenzangu," alimwambia, "mtu wa kukuharibia hatoki mbali. Mimi sisemi kitu. Nakwambia tu ufungue macho asubuhi asubuhi, kabla jua halijapanda."

Kesho yake Mrindoko aliamka mapema, akajibanza kwenye ua wa bustani. Ukungu ulikuwa bado chini. Akamwona Nakijwa.

Alikuwa ameinama kati ya majani. Alinyosha kidole kuelekea kiboga kidogo, tena karibu kabisa, akakigusa pale kwenye ua lake. Kisha akahamia kingine, akanyosha kidole tena. Kila alipomaliza alitoa kamba nyembamba ya mgomba kiunoni, akaifunga kwenye kikonyo.

Mzee alitoka alipojibanza. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angekasirika tu. Lakini huyu alikuwa Nakijwa, na uchungu ulipanda na hasira kwa pamoja.

"Nakijwa! Unafanya nini?"

Nakijwa alishtuka, akaficha mkono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Sitaki shikamoo yako! Nimekuuliza unafanya nini. Lete huo mkono."

Aliuleta. Ncha ya kidole ilikuwa na unga wa njano.

Sauti ya mzee ilikuwa kubwa, na asubuhi ya milimani sauti husafiri. Majirani wakatoka, Bi Naetwe mbele yao akiwa bado anajifunga kanga.

"Haya, si nilisema?" akadakia. "Na hizo kamba alizofungafunga ni za mganga gani?"

Nakijwa akamsogelea mkwewe, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, naomba tuingie ndani nikueleze."

"Ndani kuna nini? Sema hapa hapa, watu wasikie."

"Baba, tafadhali. Mimi na wewe tu."

"Hapa hapa, nimesema!"

Nakijwa akawatazama majirani, mmoja baada ya mwingine. Akamtazama mzee aliyesimama na fimbo mkononi.

"Hapa siwezi, baba."

"Mmemsikia?" Mrindoko akawageukia watu. "Hawezi! Nimemlea kama mwanangu, kumbe nafuga mtu wa kunimaliza. Mwanangu amekufa, sasa na chakula changu nacho kife. Ondoka. Rudi kwenu leo hii, nisikukute jua likitua."

Nakijwa hakulia mbele ya watu. Aliingia ndani akafunga nguo zake. Kabla ya kutoka aliinjika chungu, akampikia mzee maharage ya mchana, akafunika, akapunguza moto. Kisha akashika njia ya kushuka bondeni kwao. Mrindoko alikuwa amekaa upande wa pili wa nyumba, amempa mgongo. Alisikia hatua zake zikipita, wala hakugeuka.

Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kuingia bustanini. Zile kamba za mgomba ziliwatisha watu. Bi Naetwe alisema atakayezigusa mkono utapooza, na mzee mwenyewe aliogopa kuliko wote. Alitazama kwa mbali tu. Viboga alivyoweza kuviona kutoka uani, vile vya pembeni, viliendelea kuanguka kama kawaida.

"Amekwenda, lakini uchawi wake umebaki," alisema.

Nyasi zikamea, zikafunika mashina. Maisha ndani ya nyumba nayo yakawa ya hovyo. Mzee alipika ugali ukawa na mabonge, akala na chumvi. Jioni alijikuta akiweka vikombe viwili, akarudisha kimoja. Watu walipomuuliza habari alisema njema. Moyoni alikuwa anamkumbuka Nakijwa kila mara, na kila alipomkumbuka alijikaripia, akajiambia kwamba ameshuhudia kwa macho yake mawili, mtu hawezi kubishana na macho yake.

Msimu wa kuvuna ulipofika, Mrindoko alichukua jembe aende kung'oa mimea yote, achome, asahau. Alianzia pembeni akaelekea katikati. Jembe likagonga kitu kigumu, karibu limrukie.

Akadhani ni jiwe. Akafunua nyasi kwa mkono. Lilikuwa boga.

Lilikuwa boga kubwa la kijivu, limekomaa, kikonyo kimekauka. Na kwenye kikonyo palikuwa na kamba ya mgomba, imeanza kuoza lakini fundo lake bado lipo.

Mzee akarudi nyuma. Kisha udadisi ukamzidi, akafunua nyasi mbele kidogo. Boga jingine, na kamba yake. Akafunua tena, na tena. Sasa alikuwa anatambaa kwa magoti, anang'oa nyasi kwa mikono yote miwili. Kila palipokuwa na kamba palikuwa na boga zima lililokomaa. Akatafuta boga lisilo na kamba. Akazunguka bustani yote. Hakulipata hata moja.

Yale maboga ambayo yeye mzee alisema Nakijwa ameyaua ndiyo pekee yaliyokuwa hai. Yaliyokufa ni yale ambayo mkono wake haukuyafikia, kwa sababu alikuwa ameshafukuzwa.

Mrindoko akakaa chini palepale, jembe likiwa limemlalia miguuni. Hakuelewa ilikuwaje, lakini alielewa kwamba amefanya dhambi. Akalia kwa sauti, mzee mzima, peke yake kwenye maboga.

Adhuhuri alibeba boga moja jikoni akajaribu kulipika. Alilijaza maji hadi juu, akawasha moto mkubwa. Likawa uji. Alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akaenda kuchagua boga lililo zuri kuliko yote, akalitia kwenye kapu na kushika njia ya bondeni.

Alimkuta Nakijwa nje ya nyumba ya mama yake, anapalilia. Nakijwa alipomwona aliacha jembe, akamjia haraka na kumpokea kapu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Safari hii mzee aliitikia.

Nakijwa hakumuuliza amefuata nini. Alimwekea kiti, akampa maji ya kunywa, akalipasua boga, akapanga vipande sufuriani ganda chini. Walikaa jikoni wakisubiri liive. Harufu ilipoanza kutoka, Mrindoko akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, nieleze. Ulikuwa unafanya nini kule bustanini asubuhi ile?"

Nakijwa alisogeza kuni kidogo.

"Boga lina maua ya aina mbili, baba. Kuna ua dume na ua jike. Ua jike ndilo lenye kiboga chini yake. Lisipopata ule unga wa njano wa ua dume, kiboga huanguka. Sisi hapa bondeni mwaka wa mvua nyingi nyuki hujificha, mama akatufundisha kuupaka unga kwa kidole, asubuhi wakati maua yamefunguka. Lile nililokwisha kulipaka nililifunga kamba ili nisilirudie."

"Kwa kawaida nani huupaka?"

Nakijwa akatazama moto.

"Sema, mwanangu. Leo tupo mimi na wewe tu."

"Nyuki, baba."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikumbuka mti unavyowaka, na yeye akiwa amesimama mbele yake anapongezwa.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningeanzaje? Ni mkwe gani anayekwenda kumwambia baba mkwe kwamba bustani ameiharibu mwenyewe? Tena ulikuwa na uchungu wa beberu wako. Nikaona nitafanya kazi ya nyuki kimyakimya, wewe utavuna, yatakwisha."

"Na siku ile? Siku ile nilipokufukuza, mbona ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, baba. Nilikuomba tuingie ndani." Nakijwa aligeuka akamtazama. "Ulitaka niseme mbele ya watu. Ningesema, Bi Naetwe angekucheka mpaka leo, na kijiji kizima kingejua mzee Mrindoko amejichomea chakula chake mwenyewe. Nikafikiri, aibu hii bora niibebe mimi. Nikafikiri pia kwamba jioni hasira zikipoa utanifuata unisikilize. Nilikaa pale njia panda mpaka jua likazama."

Mzee aliziba uso kwa viganja. Alikuwa amepewa nafasi, tena kwa kuombwa, tena kwa adabu, naye akaitupa.

Boga likaiva. Nakijwa akalipakua, akamnawisha mikono. Lilikuwa tamu kama siku zote.

"Twende nyumbani," Mrindoko alisema hatimaye. "Nitawaita wote waliokuwepo. Nitasimama mbele yao niseme kosa ni langu, wanicheke mpaka wachoke. Nisamehe, turudi."

"Nimekusamehe siku nyingi, baba."

Uso wa mzee ukaanza kuchangamka.

"Lakini sirudi," Nakijwa akasema taratibu. "Si kwa hasira. Mimi nilikaa kwako kwa sababu ulikuwa unaniamini. Sasa nikirudi, kila kitakachonyauka nitageuka kutazama kama unanitafuta kwa macho. Sahani ikivunjika nitashtuka. Siwezi kuishi hivyo. Na hao watu, ukiwaambia au usipowaambia, hilo ni lako. Siku ile sikuhitaji watu wote wanisikilize. Nilihitaji mmoja tu, naye alikuwa wewe."

Mrindoko alikuwa amezoea kujibiwa kwa kilio au kwa ugomvi, na hapa hapakuwa na kimoja.

Nakijwa alimfungia boga lililobaki kwenye jani la mgomba, akamsindikiza hadi mwanzo wa mlima. Akamtakia safari njema, akasimama pale mpaka mzee akapotea kwenye kona.

Siku iliyofuata Mrindoko aliwaita majirani wote, na Bi Naetwe akiwa wa kwanza kufika. Akawaeleza kila kitu, habari za nyuki, za unga wa njano, za zile kamba. Hakujificha popote. Hakuna aliyecheka, hata Bi Naetwe aliangalia chini.

Mwisho mmoja wao akasema, "Basi, mzee, kosa umelikiri. Kamlete mwenzio arudi."

"Nimeshakwenda," Mrindoko akajibu. "Amenipokea, amenipikia, amenisamehe. Lakini harudi tena."

Akawagawia maboga wote waliokuja, kila mtu na lake, maana dari ilikuwa imejaa na mlaji alikuwa mmoja.

Funzo: Anayekuomba umsikilize faraghani usimlazimishe kusema hadharani, wala usimhukumu kwa ulichokiona kabla hujasikia alichotaka kukueleza. Huenda amenyamaza ili kukusitiri wewe, na ukishamfukuza, msamaha wake unaweza kukufikia lakini yeye mwenyewe asirudi.